Hesabu ya APRI: iaminiwe kiasi gani kwa mgonjwa wa homa ya ini Moshi?

Mwaka 2003 Chun-Tao Wai, Anna Lok na wenzao wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha njia ya kukadiria makovu ya ini bila kukata kipande kidogo cha ini ili kipimwe. Unachukua kipimo cha AST, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu ini likiumia, unagawanya kwa kikomo cha juu cha kawaida cha maabara iliyopima, unazidisha kwa 100, kisha unagawanya kwa idadi ya chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda), kwa maelfu katika mikrolita moja. Jibu ndilo APRI. Ini likijaa makovu damu hukosa njia, bandama huvimba na kuzishikilia chembe sahani; zikipungua kwenye damu, APRI hupanda.

Wagonjwa wao 270 walikuwa na homa ya ini C. Wengi wanaofika kliniki za Kilimanjaro wana B, na ubishi wa kikomo gani cha APRI kitumike kwao unaanzia hapo.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitaka APRI izidi 2 ndipo mtu mzima ahesabiwe ana sirosisi, yaani ini lililojaa makovu. Mwaka 2024 likashusha: zaidi ya 0.5 inatosha kuanza dawa, zaidi ya 1 ni sirosisi. Tuseme mgonjwa ana AST 62, kikomo cha kawaida cha AST ni 40, chembe sahani 148. 62 kwa 40 ni 1.55; mara 100 ni 155; gawanya kwa 148, unapata 1.05. Kwa kipimo cha zamani angeweza kuambiwa arudi baadaye. Kwa kipya, anaanza tenofovir, dawa ya kuzuia virusi vya B, na kupigwa ultrasaundi ya ini kila miezi 6.

Wanaopinga kushushwa huku wana hoja. Tenofovir ni kidonge cha miligramu 300 kila siku, kwa miaka, na figo lazima zifuatiliwe kwa kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo. Akiacha ghafla, virusi vinaweza kulipuka na kuliumiza ini upya. Kikomo kikiwa chini, watakuwepo wanaomeza dawa bila kuihitaji. Lakini tafiti za Afrika zimeonyesha kwamba kikomo cha 2 kiliwaacha nje wengi waliokwisha kuwa na sirosisi, na kosa hilo ni baya zaidi: kidonge cha ziada kinaweza kusitishwa kwa uangalizi, sirosisi iliyoachwa hugeuka maji tumboni au saratani. Mashine ya kupima ugumu wa ini ni bora, ila haiko kila hospitali ya wilaya. AST na picha kamili ya damu, inayohesabu chembe sahani, vinapatikana.

Kwa hiyo kushusha kikomo ni sawa. Tatizo ni kwamba kwenye 0.5 kosa dogo la sampuli linabadilisha uamuzi, jambo ambalo kwenye 2 halikuwa na uzito huo.

AST haitoki kwenye ini peke yake. Misuli inayo pia. Mpagazi aliyeshuka Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Mweka juzi na mzigo wa kilo 20 anaweza kuwa na AST 62 kwa sababu ya mapaja tu. Chembe sahani zake zikiwa 210, APRI ni 0.74. Apumzike zaidi ya wiki, AST irudi 33, APRI inakuwa 0.39. Mbege, pombe ya ndizi, nayo hupandisha AST, basi uliza kabla ya kutoa damu. Damu ikivutwa kwa nguvu kwa sindano nyembamba, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga AST yao kwenye sampuli.

Upande wa chembe sahani kuna mtego mwingine. Kwa baadhi ya watu, dawa ya kuzuia kuganda iliyo kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau hufanya chembe sahani zishikane, na mashine husoma 95 badala ya 210. Mpagazi yuleyule wa AST 33 sasa ana 0.87. Suluhisho ni kutazama tone la damu kwenye kioo kwa darubini. Ukiona mafundo, rudia kwa kichupa cha sitreti (kifuniko cha bluu) na uzidishe jibu kwa 1.1. Malaria nayo hushusha chembe sahani. Kichocho cha tumbo huvimbisha bandama na kuzishusha vilevile, basi aliyezoea kuingia mifereji ya mpunga apimwe na choo.

APRI ndogo nayo isitumike kumfukuza mtu. Mwenye B pamoja na VVU, au ambaye baba au dada yake ana sirosisi au saratani ya ini, mwongozo wa 2024 unamruhusu kuanza dawa hata APRI ikisoma 0.3.