Kabla ya Turbo, Nionyeshe Breki

Kila magari yanapokusanyika hapa Nairobi, boneti ndizo zinazofunguliwa. Watu wanainama, wanatazama turbo, ile pampu inayosukumia injini hewa, wanauliza presha yake imepandishwa hadi wapi, wanapiga picha, wanaondoka. Ni nadra kumwona mtu amechuchumaa kando ya gurudumu akiuliza padi, vile vibao vinavyobana diski, ni za aina gani, au mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Jambo hili limenikera kwa muda mrefu, na wiki iliyopita lilinichoma kabisa.

Nilipitia gereji moja Industrial Area kutafuta spea, nikakuta Subaru Impreza ya buluu imepandishwa jeki. Mwenyewe ni kijana mwenye adabu, anayelipenda gari lake kwa moyo wote. Alinionyesha kazi aliyofanya: bomba la moshi jipya toka injini hadi nyuma, kipoza hewa ya turbo kikubwa mbele, turbo kubwa kuliko ile iliyokuja nayo kutoka Japani, kompyuta ya injini imepangwa upya. Mwisho wa mwezi anakwenda nalo Athi River, kwenye uwanja wa mbio za magari, mara yake ya kwanza. Nikamuuliza, na breki je?

"Breki ziko sawa, mzee. Padi nimeweka juzi tu."

Padi zenyewe ni za kawaida, za kwenda kazini na kurudi. Nikaomba kichupa cha mafuta ya breki kifunguliwe. Mafuta mapya yana rangi ya manjano hafifu, unaona hadi chini. Yale yalikuwa meusi kama kahawa chungu, na ukingoni mwa kichupa kulikuwa na utando uliogandamana. Kijana hakujua yalibadilishwa lini. Alilinunua gari kwa mtu ambaye naye alilinunua kwa mtu. Fundi akachungulia, akasema: "Hayo hayana neno, bosi. Hayajapungua."

Hayajapungua! Neno hilo ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Mafuta ya breki, yanayobeba nguvu ya mguu wako hadi kwenye padi, hatuyapimi kwa wingi peke yake. Mafuta haya huvuta maji kutoka hewani, polepole, kupitia hozi na kupitia kifuniko, mwaka nenda mwaka rudi, hata gari likiwa limeegeshwa. Kichupa kinaweza kujaa hadi alama ya juu na bado kilichomo kikawa hatari. DOT ni daraja la mafuta linaloandikwa kwenye chupa: ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. DOT 4 ni nyuzi 230, DOT 5.1 ni 260. Hizo ni namba za chupa iliyofunguliwa leo. Yakishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kile kipimo kinachotumiwa kupima mafuta yaliyozeeka, DOT 3 inashuka hadi nyuzi 140 na DOT 4 hadi 155. Hapo umeshapoteza karibu theluthi ya kinga yako bila tone moja kumwagika.

Sasa lipeleke gari hilo uwanjani. Gari la kilo 1,300 likishushwa kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 60 kabla ya kona, breki zinameza joto la kutosha kuchemsha lita tatu za maji baridi. Hilo linatokea kwa sekunde chache tu, kisha kona inayofuata linatokea tena, na mzunguko unaofuata tena. Na mwendo ukiongezeka maradufu, joto linaongezeka mara nne, wala si mara mbili. Ndiyo maana turbo kubwa kwenye gari lenye breki za kiwandani inanitia hofu: kila nguvu unayoiongeza kwenye sehemu iliyonyooka unaidai breki mwisho wa sehemu hiyo. Barabarani huwezi kuligundua hili. Mombasa Road hata ukikanyaga breki kwa nguvu zote, utakanyaga mara moja, kisha utatambaa kwenye foleni huku diski zikipoa. Uwanjani hakuna foleni. Diski hupita nyuzi 500, joto linapenya kwenye padi, linaingia kwenye pistoni za kalipa, kile kibanio cha padi, na nyuma ya pistoni ndiko mafuta yako yaliko.

Na yanavyochemka ndivyo yanavyomhadaa dereva. Unapokanyaga, shinikizo ni kubwa mno, mvuke hauwezi kutokea. Ni ukiachia pedali ndipo mapovu yanapojitokeza. Kwa hiyo kona uliyoiogopa unaipita salama, unapumua, unakanyaga aksileta, unafika kona ya pili, unaweka mguu kwenye breki, na pedali inazama hadi sakafuni. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Mguu wako wote unaishia kubana mapovu, wala padi haziguswi. Padi mpya za juzi hazikusaidii hapo, diski kubwa hazikusaidii. Padi zikichoka kwa joto pedali hubaki ngumu, na gari linapungua mwendo japo kwa uvivu, unapata dalili na muda wa kutoka. Mafuta yakichemka unaweza usipate onyo lolote.

Madereva wetu wa malori wanalijua hili kuliko sisi wenye magari ya kujipamba. Muulize yeyote aliyeteremka Sachangwan kuja Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, na mzigo wa tani ishirini na kitu. Atakueleza harufu ya breki zinazoungua, atakueleza kwa nini unashuka na gia ndogo uiache injini ishikilie mzigo, na kwa nini anayeweka gia huru kuokoa dizeli anacheza na maisha ya watu wengine. Breki zao ni za upepo na zetu ni za mafuta, lakini joto ni lile lile. Ile barabara imezika watu wengi mno. Inaniuma kwamba elimu iliyolipiwa kwa gharama hiyo haijavuka kutoka kwenye lori hadi kwenye Subaru.

Basi mwenye kulipeleka gari la mtaani uwanjani, aanzie hapa. Nunua chupa iliyofungwa ya DOT 4 nzuri au ya mbio. Zile za mbio zinapita nyuzi 300 zikiwa mpya. Bei yake haifiki hata sehemu ya kumi ya bei ya lile bomba la moshi. Usikubali fundi akuwekee kutoka kwenye kopo lililo rafuni kwake, nusu limekwisha, kifuniko kimelegea, lina vumbi. Kopo hilo limekuwa likinywa maji ya hewa tangu siku lilipofunguliwa. Usikubali pia kuongezewa juu ya yale ya zamani. Yote yatolewe, gurudumu kwa gurudumu, mmoja akikanyaga na mwingine akiwa chini na mrija wa mpira na chupa, "pampu, pampu, shika!", hadi yatoke masafi bila kapovu hata kamoja. Wakati fundi yuko huko chini, mwambie azikague hozi. Gari la miaka kumi na tano lina hozi za mpira za miaka kumi na tano, zimepasuka ngozi, na zinavimba ukikanyaga.

Kisha padi. Padi za mbio zenyewe, zile kali kabisa, usizifunge ukaendesha nazo kwenda kazini: zikiwa baridi hazishiki, zinapiga kelele na zinakula diski. Zipo za katikati, zinazovumilia joto la uwanjani na bado zinashika asubuhi ya baridi Limuru. Nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia, maana padi bandia zimejaa, na boksi si ushahidi. Zizoeshe kabla ya siku yenyewe: kanyaga breki mara kadhaa kutoka mwendo wa wastani, kila mara kwa nguvu zaidi, bila kusimama kabisa, kisha uziache zipoe. Uwanjani, mzunguko wako wa mwisho uende polepole bila kugusa breki. Ukiegesha, usivute breki ya mkono juu ya diski zinazowaka. Tia gia, weka jiwe chini ya tairi. Hilo jiwe la matatu lina kazi ya heshima hapa.

Mengine nitayasema kwa kifupi kwa sababu hayaniumizi kichwa kiasi hicho. Matairi: soma tarakimu nne ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, na ukiona 2314 kwenye tairi la mtumba, liache hapo hapo hata kama kashata zake ni nzima. Oili ya injini ijae hadi alama ya juu, kwa sababu kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Injini nyingi za Subaru zimekufa hivyo, zikigonga. Shokomzoba zilizovuja zibadilishwe kabla ya kuwaza kulishusha gari karibu na ardhi. Kiti kikushike. Toa kila kilicho kwenye buti, pamoja na jeki na tairi la spea.

Turbo ina haki yake, hilo sitalikataa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa tunayovuta ni nyepesi, pungufu kwa kama sehemu moja ya sita ukilinganisha na Mombasa. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kiasi hicho hicho bila kosa lolote la mwenyewe. Anayeweka turbo hapa kwetu anarudisha kilichochukuliwa na milima, naelewa. Na ninajua raha ya nguvu. Ninachopinga ni mpangilio. Nguvu ije baada ya breki, na ije baada ya dereva kuzoea kuendesha gari alilonalo.

Wanaodhani bila nguvu huna kitu, wakumbuke Safari Rally ya 1993, ambapo Patrick Njiru alimaliza na kushinda daraja lake kwa Subaru Vivio, kigari cha cc 660. Tangu 2021 Safari imerudi kwenye ubingwa wa dunia, vijana wanajazana Naivasha kila mwaka na bendera za buluu, wanarudi mjini na hamu ya kuendesha. Hamu hiyo ni njema. Naomba tu wanapoitazama timu kubwa ikihudumia gari, watazame pia magurudumu yanavyotolewa na breki zinavyokaguliwa. Hizo timu zina nguvu za farasi za kutosha, lakini hakuna dereva anayeruhusiwa kuondoka na pedali laini.

Kuna jamaa wataniambia ninawatisha vijana wakaacha uwanja. Hapana, nataka waje wengi zaidi. Kila kijana aliye uwanjani mchana wa Jumapili hayuko Southern Bypass usiku wa Ijumaa akishindana kati ya matatu na bodaboda. Uwanjani hakuna mama anayevuka na mtoto mgongoni. Wote wanakwenda upande mmoja, kuna watu wa bendera, kuna ambulensi. Ndiyo mahali pazuri kuliko pote pa kujua gari lako linaweza nini. Lakini kijana akija mara ya kwanza, pedali ikamzamia, akaingia ukutani mbele ya rafiki zake, hatarudi tena, na wazazi wa wenzake hawatawaruhusu wao pia. Atarudi barabarani, ambako hakuna anayemkagua.

Yule wa Impreza alinisikiliza. Alimpigia simu muuza spea pale pale, akaagiza mafuta na padi, na mpango wa kuongeza presha akausogeza mbele. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini si kila mtu atakutana na mtu gereji, na mafundi wetu, ambao wengi wana mikono mizuri sana, hawakufundishwa breki za uwanjani kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kuziuliza.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa mnaoandaa siku za uwanjani. Helmeti mnazikagua, mikanda mnaikagua, asanteni. Ongezeni jambo moja. Kipo kipimo kidogo chenye umbo la kalamu, unakichovya kwenye kichupa cha mafuta ya breki, na kwa sekunde chache taa zake zinakuonyesha kama maji yamezidi. Hakielezi kila kitu, lakini mafuta mabovu kabisa kinayakamata. Kipiteni kwenye kila gari kabla halijapewa namba, na mkanyage pedali kwa mguu wenu wenyewe. Anayekutwa na mafuta mabovu asifukuzwe. Awekwe kando, abadilishiwe pale pale, kazi ambayo watu wawili waliozoea wanaimaliza kwa saa moja hivi, kisha aingie na wenzake. Mkikubali kulianzisha hilo, mimi nitakuja na chupa na mpira wa kutolea hewa, nitakaa chini ya magari asubuhi nzima.