Alama zilizokatwa kwa sababu ya B800

Katika taasisi moja hapa Lubumbashi, mwanafunzi amekatwa alama kwa zoezi la Turbo Pascal, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Alitengeneza menyu ya duka la dawa, maandishi ya njano juu ya buluu, nayo hutokea yote kwa mpigo badala ya kujichora mstari kwa mstari. Kosa lake: aliandika herufi moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini, anwani B800, bila kupitia DOS (mfumo endeshi) wala BIOS (programu ya msingi iliyomo ndani ya mashine). Mwalimu anasema hiyo ni tabia mbaya, na wakongwe kadhaa wa fani wamemuunga mkono.

Hoja yao si ya kupuuzwa. Anayeandika kwenye anwani B800 amekwisha kudhani kwamba kadi ya video ni ya rangi. Kwenye kadi ya IBM ya rangi moja kumbukumbu iko B000, na hapo programu itaendelea kufanya kazi huku kioo kikibaki vilevile. Huwezi kuyaelekeza matokeo kwenye faili au printa kwa alama ya >, maana hayakupita mikononi mwa DOS. Tena zilikuwapo mashine kama DEC Rainbow, zenye MS-DOS lakini tofauti na IBM kwa ndani, ambako programu za namna hii hazikufaa kitu.

Sasa tupige hesabu. Skrini ina mistari 25 ya herufi 80, jumla 2000, na kila herufi ina baiti mbili: moja ya herufi yenyewe, moja ya rangi. Kwa njia ya BIOS, kila herufi yenye rangi yake huhitaji miito miwili, wa kusogeza kasa (alama ya mahali pa kuandika) na wa kuandika. Skrini moja, miito 4000. Kila mwito hula zaidi ya mapigo 50 ya saa ya ndani ya prosesa 8088 kwa kuingia tu. Hayo ni mapigo 200,000 ya kupiga hodi, kwenye mashine ya mwaka 1981 yenye mapigo milioni 4.77 kwa sekunde! Ukishakaribishwa ndani, BIOS inahifadhi rejista (visanduku vya prosesa vya kushikia namba), inaangalia modi ya skrini, inakokotoa upya anwani iliyoikokotoa herufi moja iliyopita, ndipo inaweka baiti zake mbili. Kunakili skrini nzima kwa amri moja inayojirudia huichukua prosesa kama mapigo 50,000. Hata ukiongeza muda ambao kadi huichelewesha, hodi peke yake imeizidi kazi.

Gharama hiyo hailipwi na mwalimu. Inalipwa na muuza dawa anayefungua ukurasa baada ya ukurasa wa orodha huku mteja amesimama. Lotus 1-2-3, programu ya lahajedwali ya mwaka 1983, iliandika moja kwa moja kwenye skrini, na kasi hiyo ilikuwa sehemu ya kilichowavuta watu.

Na kijana alifanya nini hasa? Mem[$B800:2000] := 65 inaweka A, yenye namba 65, katikati ya skrini; baiti inayofuata, $1E, inaipa njano juu ya buluu. Aliyeandika hivyo anajua herufi inakaa wapi. Ninachomlaumu ni theluji: kwenye CGA, kadi ya rangi ya IBM, prosesa ikiandika wakati kadi inasoma, chembe nyeupe hutapakaa skrini nzima, na yeye hakujali.

Lakini kuna jambo ambalo halijasemwa katika ubishi huu. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 1987, Turbo Pascal ina yuniti (fungu la amri zilizo tayari) ya Crt yenye kigeu DirectVideo, swichi ya kuandika moja kwa moja kwenye skrini, na thamani yake ya kuanzia ni True (ndiyo). Yaani ukiandika uses Crt, kila Write yako ya kawaida huenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini. Mwalimu anayefuta skrini kwa ClrScr, amri iliyomo ndani ya Crt, ameiwasha njia hiyohiyo anayoikatia alama. Tofauti ni kwamba Crt huangalia kwanza kadi ni ipi, na ina CheckSnow kwa ajili ya theluji. Kijana angesoma baiti ya modi kwenye 0040:0049; ikiwa 7, yaani kadi ya rangi moja, atumie B000. Alama zingekatwa kwa kukosa mstari huo, ningenyamaza.