Chukua Mkasi, Acha Kuubembeleza Mmea

Juzi shangazi alinikuta na mkasi mkononi, tradeskantia yangu, ule mmea wa ndani wa kutundika, nimeifyeka hadi usawa wa mdomo wa chungu, vipande vya zambarau vimezagaa mezani. "We mtoto, mmea umestawi hivi halafu unaukata? Una roho ngumu!" Nikamwambia, "Shangazi, huu haujastawi, umerefuka tu." Akaguna. Kwa heshima nikayameza yaliyobaki. Sasa nayatema hapa.

Tuna ugonjwa wa kusifia urefu. Mtu anapiga picha ya tradeskantia yake kutokea chini, matawi yanakaribia kugusa sakafu, pongezi zinamiminika. Hebu tupigie nyingine kutokea juu! Hutaki, maana juu ni upara mtupu: udongo unaonekana wote, vijiti vya kahawia vimelala, na majani yote yamehamia kwenye ncha.

Na huo upara si mkosi, ndiyo tabia ya mmea wenyewe. Kwao, kuanzia Mexico hadi Colombia, tradeskantia zebrina hutambaa ardhini. Kila kifundo, yaani pale jani linapoota kwenye shina, kikigusa udongo wenye unyevu hutoa mizizi, mmea unasonga mbele, na kipande cha nyuma kilichozeeka kinaachwa kijifie. Wewe umeutundika hewani. Kifundo kitagusa nini? Kwa hiyo unazeeka nyuma na hauna pa kuanzia upya, huku mwenyewe unasubiri ufike sakafuni ili ujisifu.

Dawa ni mkasi. Ncha ya tawi hutengeneza homoni inayoitwa auksini, nayo ikishuka kwenye shina huvizuia vichipukizi vya pembeni visiamke. Ondoa ncha, na vilivyo chini ya mkato vinapata ruhusa. Kata juu kidogo ya kifundo. Vipande usitupe: chukua chenye vifundo viwili au vitatu, pukuchua jani la chini, kichomeke kwenye ule ule upara wa chungu chako, kifundo kizame udongoni. Ukiwa na wasiwasi, kiweke kwanza kwenye glasi ya maji. Baada ya siku chache, pale jani lilipokuwa limekumbatia shina, utaona vinundu vyeupe vinatokeza, kisha nyuzi za mizizi. Sijui mmea mwingine wa ndani unaosamehe kiasi hiki. Halafu huu ndio watu wanauogopea mkasi!

Rangi nayo. Watu wanauweka kwenye kona yenye giza, mistari ya fedha inafifia, zambarau inageuka kijani cha kuchosha, pingili zinarefuka, halafu wanaulizia mbolea. Mbolea ya nini? Usogeze karibu na dirisha. Zambarau hiyo inatokana na antosianini, rangi ambayo mmea hujitengenezea wenyewe, na huipunguza mwanga ukiwa hafifu. Jua kali la moja kwa moja litaunguza majani, hilo sawa, lakini naona wengi zaidi wanaofifisha kuliko wanaounguza.

Maji: chomeka kidole, udongo wa juu ukiwa mkavu mwagilia, na chungu kiwe na matundu. Kuhusu kunyunyizia majani kila asubuhi kama unabariki ndoa, endelea ikikufurahisha wewe. Mmea haukuhitaji hapo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna wakati wa kuuacha. Kwenye miezi yenye mwanga mdogo ukuaji unasinzia, na ukiukata wote utakaa na visiki muda mrefu. Subiri mwanga urudi. Na utomvu wake huwawasha baadhi ya watu. Mbwa na paka pia ngozi zao hupata shida, hivyo nawa mikono, na mabaki usiyaache sakafuni.

Ila kuna jambo moja ambalo sina utani nalo. Masalio msiyamwage kichakani wala kando ya mto. Sifa ile ile ninayoisifia hapa, ya kifundo kimoja kuzaa mmea mzima, ndiyo imeufanya mmea huu uingie kwenye orodha ya mimea vamizi Afrika Kusini. Unatandaza zulia chini ya miti, na miche ya asili haipati pa kutokea. Mimi masalio nayaanika juani hadi yavunjike mkononi, ndipo nayatupa. Yakiwa bado yanapinda, bado yako hai.