Wanaogopa Wao, Nachoka Mimi

Naomba kuwauliza wenzangu mnaoishi nyumba za choo cha uani: hivi nani aliwaambia watu kuwa kuogopa ni starehe? Kwangu Chikongola, hapa Mtwara, king'amuzi nalipia mimi, umeme naweka mimi, na watu wakishamaliza kutishwa, wa kuwasindikiza chooni ni mimi. Tochi ya simu yangu ina kazi kuliko simu yenyewe.

Shughuli huanza saa tatu usiku. Mama Shaweji anamwagia ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, chumvi na pilipili, watoto wanajipanga mkekani, kijana mkubwa anachomeka flashi. Picha imetoka huko Asia, lakini mtafsiri kaichangamsha mpaka mzuka una lafudhi ya Manzese. Na hapo hapo wanaogopa! Mtafsiri anaonya, "Oya, stelingi, usiingie humo!" Stelingi anaingia. Nyumba nzima mayowe. Mimi nauliza swali la kiutu uzima tu: mtu kasikia mlio kwenye chumba cha giza, yuko peke yake, kavaa nguo ya kulalia, kwa nini asiite majirani? Hapa mtaani ukipiga yowe la mwizi, kabla hujafunga mdomo watu wamejaa na marungu, na picha imeisha. Naambiwa ninyamaze, naharibu utamu.

Ukizima televisheni ujue hujamaliza. Mama Shaweji ana hadithi zake za WhatsApp, zinakuja vipande vipande. Kipande kinakatika pale tu mkono wenye kucha unapogusa kitasa. Chini kumeandikwa: sehemu inayofuata, tuma shilingi elfu moja. Elfu moja ya kufungua mlango, na mlango wenyewe si wangu! Zamani mtu alinunua *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, kitabu cha mwaka 1965, anakuta maiti na muuaji wote humo humo kwa bei moja. Akimaliza anamwazima jirani, jirani harudishi, maisha yanaendelea. Ule ndio ulikuwa ustaarabu.

Jirani yetu mwalimu ndiye anayewatetea. Anasema yuko Mwingereza mmoja, Alfred Hitchcock, fundi wa picha za roho juu, aliyemweleza Mfaransa François Truffaut siri ya kazi yake mwaka 1962. Watu wamekaa mezani wanapiga soga, chini ya meza kuna bomu. Mtazamaji asipojua, likilipuka atashtuka sekunde 15, basi. Lakini mwonyeshe bomu mapema, saa inakwenda, na hao mezani hawana habari: umemtesa dakika 15 nzima.

Nikamwambia mwalimu, hilo mbona sisi tunalijua, ni mnada wa korosho. Miaka ile ya masanduku ya zabuni, mzigo umeshaingia ghalani, deni la salfa ya kupulizia mikorosho liko pale pale, ada ya mtoto inasubiriwa, halafu bwana mmoja anasimama mbele ya wakulima anasoma barua za wanunuzi, moja baada ya nyingine, taratibu, na maji anakunywa. Mzee niliyekaa naye aliiminya kofia yake mpaka ikakosa umbo. Bei tukiigomea, tunatawanyika kusubiri mnada mwingine. Itaendelea! Na sikumwona mtu akila ming'oko.

Mwalimu akacheka, akasema tofauti ni kwamba ile ya mnada ina deni, ya kwenye picha haina. Mtoto moyo unamwenda mbio lakini yeye yuko mkekani, tumbo limejaa, na akigeuka pembeni baba yupo. Nililala na hilo neno, "baba yupo". Kumbe utamu wote umejengwa juu ya mgongo wangu! Na baba mwenyewe akitaka kwenda uani, anasindikizwa na nani? Hilo mwalimu hakulijibu.

Dawa nimejaribu. Niliwaeleza watoto kuwa kwenye picha ya *Psycho*, ya huyo huyo Hitchcock, mwaka 1960, ile damu ya bafuni ilikuwa rojo ya chokoleti, maana picha haikuwa ya rangi, nani angejua? Tangu siku hiyo mdogo haogopi damu tena. Anadai chokoleti.

Sasa juzi kaja mama mkwe kutoka Newala. Kaitazama picha mpaka mwisho, kaguna. "Huyo ntu wenu anatisha kwa kelele tu." Enzi zao, akasema, yalikuwa yanatoka mapiko: kinyago kinameza kichwa kizima, kimepandwa nywele za mtu kweli, mchezaji kafunikwa hata ngozi huioni, na watoto mnaambiwa huyo ni mfu karudi. "Na hakuna pa kuzimia," akamaliza, akachukua mng'oko mwingine. Nikashukuru moyoni. Walau mmoja humu ndani atajipeleka mwenyewe.

Saa saba usiku nikasikia kikohozi mlangoni. Mama mkwe.

Adabu ya ukwe mnaijua. Mimi na yeye hata kwenye korido tunapishana kwa hesabu, sembuse safari ya chooni! Ikabidi uundwe msafara: mbele mama mkwe, katikati mke wangu, nyuma mimi, uso nimeugeuzia ukutani, namulika kwa kupitisha tochi juu ya bega. Mbu wakanikaribisha. Mara sauti ikatoka ndani ya choo:

"Mwanangu, muulize mumeo, yule mwanamke wa kisimani alikuwa nzima au nfu?"

"Mama anauliza, yule wa kisimani mzima au mfu?"

"Mwambie mama," nikauambia ukuta, "hiyo iko sehemu ya pili. Wanaiweka keshokutwa."

"Anasema keshokutwa, mama."

Kimya kidogo. Maji yakamwagwa.

"Basi mwambie ile tiketi ya kesho aende akaibadilishe."