Singeli, tekno na amapiano: jina la muziki linambana nani?

Maprodyuza wa muziki wa kielektroniki wana ubishi usiokwisha. Kuna wanaosema majina ya aina za muziki ni pingu: ukishaambiwa unatengeneza hausi, umeshapangiwa kasi, umeshapangiwa ngoma, na hata dakika ya kuingiza besi umeshapangiwa. Wengine wanajibu kwamba bila jina hakuna DJ atakayejua kazi yako aipige saa ngapi, hakuna atakayeitafuta, na prodyuza mwenyewe hana kanuni ya kuivunja. Wote wana hoja. Tatizo ni kwamba mara nyingi hawazungumzii kitu kimoja: huyu ana maana ya jina lililozaliwa uwanjani kwa wachezaji, yule ana maana ya jina lililopangwa kwenye orodha ya duka.

Tuanze na hesabu, kwa sababu katika muziki huu jina ni kasi kwanza. Hausi hutembea kwenye mapigo 120 hadi 128 kwa dakika, amapiano ya Afrika Kusini 110 hadi 115, dubstep 140, drum and bass 170 na ushee. Singeli huanzia kama 200 na kuna zinazofika 300. Makundi haya hayakubuniwa na waandishi wa magazeti. Mashine ya sahani ya Technics SL-1200, iliyotawala meza za ma-DJ kwa miongo kadhaa, iliruhusu kasi kupanda au kushuka kwa asilimia 8 tu. Wimbo wa mapigo 128 ungeshuka hadi karibu 118 au kupanda hadi 138, basi. Ukimletea DJ wimbo wa 112 wakati anapiga hausi ya 124, wako unahitaji kupandishwa kwa karibu asilimia 11, na mashine haifiki huko. Inabidi aanze kuushusha ule unaochezwa, na wachezaji watahisi miguu inazidi kuwa mizito. Kwa hiyo aliyekaa ndani ya kasi ya wenzake hakuwa mtumwa wa mtindo. Alitaka wimbo wake upigwe.

Programu za leo zinavuta kasi mbali zaidi bila kubadilisha ufunguo wa wimbo, yaani kimo cha sauti zake, lakini mazoea yamebaki, pamoja na faida yake ambayo wapinzani wa majina huwa wanairuka: mambo mawili au matatu yakishakubalika kwamba hayabadiliki, mengine yote yanakuwa huru. Jungle, muziki wa dansi wa kasi wa Uingereza, ni ushahidi mzito. Sehemu kubwa ya muziki ule ilijengwa juu ya kipande kimoja cha ngoma, sekunde kama 7 alizopiga Gregory Coleman wa The Winstons mwaka 1969, kikapandishwa kutoka mapigo 137 hivi hadi 160 na zaidi. Watu walikikata pigo kwa pigo, wakakipanga upya, wakakigeuza nyuma mbele, wakatoa maelfu ya nyimbo. Kwa kuwa kila msikilizaji alikuwa anakijua kipande chenyewe, alisikia mara moja nani amekifanyia nini. Ubunifu ulionekana kwa sababu kulikuwa na kitu cha pamoja cha kupimia.

Jina pia hutenganisha mji na mji. Mwaka 1988 Neil Rushton, Mwingereza, alikusanya nyimbo za Detroit, Marekani, ili zitoke London, na mpango wa awali ulikuwa kuziuza kama hausi ya Detroit. Prodyuza wa Detroit, Juan Atkins, alipoleta wimbo wenye neno tekno, jina la mkusanyiko likabadilishwa. Bila uamuzi ule, Atkins na wenzake wa Detroit, Derrick May na Kevin Saunderson, wangeingia kwenye historia kama tawi la hausi ya Chicago. Kuna na upande wa pili: jina likikufungia nje, linaweza kukusukuma uanzishe lako. Vijana wa mashariki ya London waliokuwa wanaambiwa biti zao si garage halisi, ule muziki wa klabu wa huko, walikuja kuitwa grime, na mmoja wao, Wiley, akatoa wimbo mzima mwaka 2004 akiuliza kitu hiki kiitweje.

Singeli ndiyo mfano unaotuhusu zaidi, kwa sababu sauti yake ilitengenezwa na vizuizi vyake. Ilitoka kwenye vigodoro, sherehe za usiku za mitaani, vya uswahilini Dar es Salaam, Tandale na Manzese na kwingineko, ikarithi vinanda vidogo vya Casio vya mchiriku, muziki wa mitaani ulioitangulia, na vipande vya taarabu ya kisasa, ikatengenezwa kwa programu za FL Studio na Virtual DJ kwenye kompyuta za kawaida kabisa. Ukiangalia namna inavyopangwa, utaona kila tabia yake ina sababu.

Kwenye mapigo 120 kwa dakika, kati ya pigo na pigo kuna milisekunde 500. Kwenye 240 zinabaki 250, na robo ya pigo ni 62.5. Chukua ngoma ya chini kutoka kwenye mkusanyiko wa sauti za hausi, yenye mkia (mlio unaofifia) wa milisekunde 350, uiweke hapo: mkia wa kila pigo unamwagikia pigo linalofuata na unabaki na mngurumo. Wanaojua hukata mkia hadi milisekunde 120 au 150, wakaacha kishindo cha mwanzo kifanye kazi. Besi nayo ina shida yake. Noti ya hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, inahitaji milisekunde 20 kumaliza wimbi moja, kwa hiyo ukiipa robo ya pigo inapata mawimbi matatu tu, na sikio haliwahi kutambua ni noti gani. Ndiyo maana besi ya singeli ama hutembea kwa nusu ya kasi, ama hupanda juu ya hezi 100 na kugombania nafasi na kinanda. Mwangwi wa sekunde mbili, ambao kwenye wimbo wa taratibu unapendeza, hapa unafunika mapigo manane. Ule ukavu wa sauti ambao wageni huudhania umaskini wa studio ni hesabu tu. Hata studio ya mamilioni ingelazimika kuufuata.

Sampuli, yaani vipande vilivyokatwa kwenye nyimbo nyingine, ndiyo kabisa. Ukikipandisha kipande cha taarabu kutoka 120 hadi 210 bila kufunga ufunguo, sauti inapanda karibu nusutoni 10 (hatua ndogo kabisa za kinanda), mwimbaji mtu mzima anageuka katuni. Ukiufunga ufunguo, programu inalazimika kuikatakata sauti na kuiunganisha upya, na viungo vinasikika kama mkwaruzo. Kwingine mkwaruzo huo ungeitwa kasoro. Kwenye singeli umekuwa sehemu ya ladha. Hakuna aliyeketi akatunga sheria hizi. Jina lilikuja kufunika majibu ambayo kasi ilikuwa imeshayalazimisha, na kijana aliyelisikia jina hilo alijua kazi ianzie wapi.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Dar, jina lilivuka mpaka, na hapo ndipo lilipoanza kubana. Nyumbani, singeli ni mshika maiki: Msaga Sumu, Sholo Mwamba, Man Fongo, Dulla Makabila. Watu wanafuata maneno, vijembe, visa vya kodi ya nyumba na mapenzi. Biti tupu bila mtu wa kuchana juu yake, kwa wasikilizaji wengi wa Dar, ni kazi ambayo haijaisha. Ulaya mambo yamepinduka. Msikilizaji haelewi maneno, kwa hiyo biti ndiyo kazi yenyewe, na kitu cha kwanza anachoelezwa ni kasi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na prodyuza anayesifiwa kila mara kwa kasi naye huongeza kasi. Jina moja sasa linabeba masharti mawili yasiyofanana: hapa usipoweka mchanaji hujamaliza, kule ukishuka hadi 180 huonekani wa kweli. Binafsi naona sharti la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu la kwanza linatoka kwa watu wanaoucheza muziki kila wiki na wanaoweza kubadili mawazo yao. Prodyuza wa singeli DJ Travella, ambaye albamu yake ya 2022 inachanganya singeli na sauti za muziki wa klabu za Magharibi, anaonyesha kwamba kuta hizo zinapitika, lakini aliyezipita alikuwa amezijua vizuri kwanza.

Amapiano inaonyesha hatari nyingine. Tangu kama 2021 wasanii wa Bongo Fleva wameingia humo kwa wingi, na mara nyingi jina limefupishwa hadi sauti moja: ile besi ya log drum, ambayo maprodyuza wengi huipata kwenye sinthesaiza ya FL Studio iitwayo FruityDX10. Sauti imekuja, mpangilio umeachwa Afrika Kusini. Wimbo wa amapiano wa klabu unaweza kwenda dakika sita au zaidi, na log drum ikakaa nje kwa dakika nzima au mbili, sheka na kinanda vikiandaa njia. Ikiingia, inakwepa pigo kuu na kuacha mashimo. Ukiibana kwenye wimbo wa dakika tatu ambao mwimbaji anaanza sekunde ya 15, log drum inagongana na sauti ya mtu katikati ya beti, fundi anashusha besi ili maneno yasikike, na kilichobaki ni pambo. Hapa wa kulaumiwa ni kiolezo kilichouzwa kwa kutumia jina la amapiano, maana aliyekinunua anapokea majibu bila kujua yalikuwa ya swali gani.

Kwenye maduka ndiko ninakokubaliana kabisa na wanaolalamika. Mwaka 1987 wenye lebo ndogo walikutana kwenye baa moja ya Islington, London, wakakubaliana kuuita muziki wa nje ya Ulaya na Marekani muziki wa dunia. Lengo lilikuwa rafu tu: muuza sahani ajue aweke wapi. Kwa kiasi fulani ilisaidia, kanda na sahani zilipata mahali pa kukaa. Lakini rafu ile ilipanga watu kwa walikotoka badala ya sauti zao. Fomu za wasambazaji wa kidijitali zimerithi tabia hiyo. Mara nyingi singeli haimo kwenye orodha, na aliyechagua muziki wa dunia kwa uzalendo anajikuta pembeni ya kwaya na kora, kinubi cha Afrika Magharibi, mbali na msikilizaji wa muziki wa klabu wenye kasi ambaye angeipenda siku ileile. Beatport, duka la mtandaoni la ma-DJ, nayo ilifanya kosa la aina nyingine ilipoigawa tekno mafungu mawili mwaka 2020, la saa za kilele na la kina zaidi. Kila wimbo unakaa fungu moja, kila fungu lina chati yake, na prodyuza anayefukuzia chati anaamua fungu kabla hajaamua wimbo.

Hapo ndipo ninapouweka mpaka: jina likija baada ya biti linasaidia, likija kabla ya biti kutoka kwa mtu asiyecheza muziki huo linadhuru. Kivitendo, fungua mradi mpya na ubadili kasi kabla ya kitu kingine, maana Ableton Live, programu ya kutengenezea muziki, inakufungulia 120 na ukinyamaza imeshakuchagulia ujirani wa hausi. Faili za kazi zipe majina ya kasi na ufunguo, jina la aina lisubiri. Ukitaka kuvuka mipaka, hesabu ni daraja la uhakika kuliko kuchanganya mapambo. Singeli ya 220 ikihesabiwa nusu ni 110, na amapiano ya 112 inaifikia kwa chini ya asilimia 2. Dubstep ya 140 na singeli ya 210 zinakutana kwa mapigo mawili dhidi ya matatu, mgongano ambao sikio lililokulia kwenye ngoma zetu halihitaji kufundishwa.

Kanuni za kuazima uzipime upya. Utangulizi wa mafungu 32 ya mapigo manne unampa DJ wa hausi dakika nzima ya kuunganisha kwenye kasi ya 124. Kwenye 220 zinabaki sekunde 35, kwa hiyo weka mafungu 64. Angalia pia namba ambayo programu ya DJ imeusomea wimbo wako: nyingi zitaandika 110 badala ya 220, na anayepanga maktaba yake kwa kasi atakuweka kwenye nyimbo za taratibu. Iandike kasi sahihi mwenyewe kwenye taarifa za faili.

Kwenye fomu ya msambazaji, biti tupu naiweka kwenye kielektroniki au dansi, na ile yenye mchanaji naiweka mahali wasikilizaji wa wachanaji wanapotafuta. Neno singeli usilibandike kwenye kichwa cha wimbo, maduka hukataa maelezo ya ziada hapo. Mahali pake ni zile herufi 500 ambazo Spotify inakupa kuwaeleza wahariri wake, angalau siku 7 kabla ya wimbo kutoka: taja singeli, taja kasi, taja mtaa, kisha eleza ni wapi wimbo unaiacha kanuni.