Wembe tulioupokea bila mpini wake

Wembe wa dukani, ule mwembamba wa kufungwa kwa karatasi, wenye makali pande mbili na uwazi katikati, ni nusu ya kifaa. Nusu ya pili ni mashine ya kuushikia, na hiyo wengi wetu hatujawahi kuimiliki. Sisi tunaushika kwa vidole. Fundi cherehani anafumulia mshono, mwanafunzi anachongea penseli, mama anamkatia mtoto kucha, na mwanamume mwenye haraka anajinyolea ndevu akiwa ameubana kati ya kidole gumba na cha shahada, ameupinda kidogo ili usimchezee mkononi. Huyo wa mwisho ndiye aliyenifanya niandike. Ule mpindo anaoutia kwa vidole ndio moyo wa mashine ambayo King Camp Gillette aliipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine kuiga, huko Marekani mwezi Novemba 1904, na kwa maoni yangu ndio jambo la werevu kuliko yote katika historia nzima ya kunyoa.

Najua Gillette husifiwa kwa mengine. Wanaofundisha biashara humtaja kila mara: mpe mteja mpini bure, umuuzie nyembe maisha yake yote. Tutafika huko, maana hata hadithi hiyo ina walakini. Kwanza tuangalie chuma.

Wazo la kuikinga ngozi lilikuwa la zamani kabla Gillette hajazaliwa. Jean-Jacques Perret, fundi visu wa Ufaransa katika karne ya 18, aliitazama randa ya seremala, akaona jinsi ulimi wake unavyochungulia kidogo tu nje ya mbao, akauvisha wembe wa kinyozi kinga ya mti kwa mantiki hiyohiyo. Mwaka 1847 Mwingereza William Henson akaugeuza wembe ukae mkingamo juu ya mpini, na yeye mwenyewe katika hataza yake alisema umbo hilo linakaribia jembe la kawaida. (Henson huyu ndiye aliyechora mipango ya ndege ya mvuke iliyotarajiwa kubeba abiria. Ndege haikuruka. Jembe lake la ndevu tunalo hadi leo.) Kisha mwaka 1880, jijini New York, ndugu wa familia ya Kampfe wakapata hataza ya mashine ambayo baadaye iliuzwa kwa jina la Star: kichwa cha bati chenye kinga kama meno ya chanuo upande wa mbele na tumbo la kupokea povu, na ndani yake kipande kifupi cha wembe mnene, kama uliokatwa kutoka kwenye wembe wa kinyozi.

Kwa hiyo kufikia 1880 suala la usalama wa shavu lilikuwa limekwisha. Ukitumia Star vizuri hukujichinja. Mbona basi wanaume wengi waliendelea kwenda kwa kinyozi?

Kwa sababu ya kunoa. Wembe wa Star ulikuwa mnene, wa chuma kizuri kilichofuliwa, na uliisha makali kama wembe mwingine wowote. Kila asubuhi ilibidi uutoe, uupachike kwenye kishikio kingine, uupitishe kwenye ukanda wa ngozi. Na baada ya muda uupeleke kwa fundi mwenye kinoo. Kazi hiyo ilitaka ustadi, na haikukosa hatari zake. Januari 1842, kule Concord, Massachusetts, John Thoreau, kaka yake mwandishi Henry David Thoreau, alijikata kidole akinoa wembe wake kwenye ukanda. Ulikuwa mkato mdogo. Siku chache baadaye akafa kwa pepopunda. Kinga ya Kampfe isingemsaidia lolote, kwa kuwa hakuwa ananyoa.

Gillette alikuwa mchuuzi wa kusafiri, akiuza kwa niaba ya kampuni ya vizibo vya chupa, vile vya bati vyenye meno pembeni tunavyovifungua kwenye soda. Aliyevivumbua, William Painter, alimshauri abuni kitu ambacho watu wakikitumia mara moja wanakitupa na kurudi kununua kingine. Mwaka 1895, akiwa nyumbani Brookline karibu na Boston, ameushika wembe butu, likamjia: makali yanayonyoa ni uzi mwembamba tu wa chuma. Unene wote uliobaki upo kwa ajili ya kuyashikilia makali hayo na kuuwezesha wembe unolewe tena na tena. Ukiacha kunoa, unene hauna kazi.

Hapo ndipo msomaji makini anapaswa kusimama kidogo. Kuondoa unene ni rahisi kusema. Chuma chembamba kama karatasi ngumu kinanesa. Ukikigusisha kwenye ndevu zilizokauka kinapinda, kinatetemeka, kinaruka, na kila kuruka ni mkato. Wembe wa kinyozi una mgongo mnene kwa sababu hiyo. Gillette aliutupa mgongo, sasa ilibidi autafute kwingine.

Aliupata kwenye mpindo. Mashine yake ina vipande vitatu tu: kifuniko cha juu chenye tumbo lililobinuka, bamba la chini lenye meno ya chanuo, na mpini wenye hesi ndani. Wembe unakaa katikati. Kifuniko kina vijiti viwili na skrubu moja, navyo vinapita kwenye matundu matatu ya wembe ili ukae mahali pake kamili bila kuyumba. Ukikaza mpini, kifuniko kinaushukia wembe na kuulazimisha ufuate ubinuko wake. Bati tambarare linanesa, bati la migongo unaweza kulikanyaga. Wembe nao ukishapindwa hauna nafasi ya kutetemeka. Ugumu ambao wahunzi wa Sheffield, mji wa visu wa Uingereza, waliununua kwa chuma kingi, yeye aliupata kwa umbo, tena wa kuazima: wembe ukitoka kwenye mashine unarudi kuwa tambarare.

Na kuna la ziada ambalo mimi hulifurahia zaidi. Mkazo wa mpini ndio unaoamua makali yachungulie kiasi gani. Ukikaza hadi mwisho, makali yanashuka karibu na meno na mnyoo ni wa upole. Ukilegeza robo mzunguko, wembe unajikunjua kidogo, makali yanasogea mbali na meno, mnyoo unakuwa mkali wa kufaa ndevu ngumu. Hakuna kitufe wala springi. Skrubu moja inafunga, inapinda, na inarekebisha. Fundi anayeweza kuipa skrubu moja kazi tatu namvulia kofia.

Kutengeneza wembe wenyewe ndiko kulikomtesa. Wataalamu wa metali wa MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, aliowaendea walimwambia haiwezekani kukifanya chuma chembamba namna ile kiwe kigumu cha kushika makali, tena kwa bei rahisi. Chuma hicho ukikipasha moto na kukipoza ghafla hukunjamana. Mwaka 1901 akaungana na William Nickerson, mhandisi aliyesoma MIT hiyohiyo, naye ndiye aliyepata njia ya kukipa ugumu na kuunda mashine za kunolea. Jina la Nickerson halikuandikwa kwenye karatasi ya wembe; sura iliyochapwa pale, yenye masharubu, ilikuwa ya Gillette. Naona hapo haki haikutendeka.

Mwaka 1903, wa kwanza wa mauzo, waliuza mashine 51 na nyembe 168. Si kosa la uchapaji. Baada ya hapo mambo yakaenda mbio, na mwaka 1918 jeshi la Marekani liliagiza mashine takriban milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake. Vijana waliorudi kutoka vitani walirudi wakijua kujinyoa wenyewe.

Sasa ile hadithi ya mpini wa bure. Randal Picker, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliwahi kuichambua na kuonyesha kwamba mambo yalikuwa kinyume. Muda wote hataza ilipokuwa hai, mashine ya Gillette iliuzwa dola 5, pesa ambayo kibarua wa enzi zile hakuitoa kirahisi. Bei ilishuka mwaka 1921, hataza ilipoisha na kila mtu akawa huru kutengeneza mashine kama ile. Nami nasema bei ya dola 5 ilikuwa ya haki: akili yote ilikuwa kwenye mpini. Wembe ni chuma chenye ncha tu.

Kwetu tumepokea chuma chenye ncha. Wembe ulifika kila duka la kijijini kwa sababu ni mwepesi, ni wa bei ya sarafu, na una kazi mia zisizohusu ndevu. Mashine yake ilibaki kwa wachache: mwalimu fulani, karani, mzee aliyewahi kufanya kazi mjini. Matokeo yake, kifaa kilichobuniwa ili makali yasifike kwenye ngozi kwa pembe mbaya kikawa makali matupu mkononi, bila meno ya chanuo, bila kifuniko. Tena kikawa cha kupokezana. Ilibidi kampeni za Ukimwi zitufundishe kwamba wembe mmoja ni wa mtu mmoja, jambo ambalo mtu mwenye mashine yake bafuni hahitaji kuhubiriwa sana.

Sisemi Gillette hana lawama. Kutupa kulikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo, na matangazo yake yalijisifia kwamba hakuna tena kunoa. Zitupwe wapi, hakufikiria sana. Wamarekani walifika mahali pa kutoboa kitundu kwenye kabati la bafuni ili nyembe zilizokwisha zidondoke ndani ya ukuta, na hadi leo wanaobomoa nyumba za zamani huzikuta humo, rundo la kutu. Kwetu zinalala kwenye jalala, na mtoto asiye na viatu ndiye anayeziona kwanza.

Lakini ukilinganisha na kilichokuja baadaye, utamsamehe. Mwaka 1971 kampuni yake ilileta kichwa cha plastiki chenye nyembe mbili, mwaka 1998 tatu, na 2006 tano. Katikati hapo, 1975, Bic wakatoa wembe wa plastiki wa kutupwa wote, mpini na kila kitu. Kichwa cha plastiki hukifungui, hukirekebishi, hukikazi wala kukilegeza, na kikinasa nywele kati ya nyembe unakigonga kwenye sinki hadi ukate tamaa. Wenye ndevu za kipilipili tunajua zaidi: nyembe nyingi hukata unywele chini ya ngozi, unajipinda ukiota, na shingo inajaa vipele. Wembe mmoja uliopindwa vizuri unakata usawa wa ngozi na kuishia hapo.

Na wembe wa dukani leo, pamoja na kwamba una uwazi mrefu badala ya matundu matatu, bado unaingia kwenye mashine ya 1904. Mashine za vipande vitatu bado zinatengenezwa, za shaba iliyopakwa kromu, zinauzwa mitandaoni na katika baadhi ya maduka ya vipodozi mjini. Ukiipata, weka maji ya moto usoni, povu la kutosha, kaza mpini hadi mwisho kwa wiki za mwanzo, shika mpini karibu na ncha yake ya chini, na uache uzito wa kichwa ufanye kazi. Usikandamize. Ndevu zikikushinda, legeza robo mzunguko.