Namwagilia Mawe

Hapa mtaani kwetu Kisauni, mtu akikuona alfajiri umeshika kopo wayamwagia mawe maji, hakuulizi wewe. Huenda zake barazani akawauliza wengine. Na kwenye kahawa ndiko nilikopata habari zangu mwenyewe: "Yule jamaa wa nyumba ya kona, masikini ya Mungu, alikuwa mtu mzuri." Alikuwa! Mie nimekaa pale pale na kikombe mkononi, na tende sijaimaliza, nasomewa hitima.

Basi leo nasema yote.

Mama watoto ana simu, na ndani ya simu kuna mambo ambayo mwanamme yeyote mwenye ua angeomba yasimfikie mkewe. Akaona nyumba ya Mzungu fulani, nyasi kijani, na juu ya nyasi pamepangwa mawe ya zege yaliyofanywa kwa umbo la majani. Jani, nafasi, jani, nafasi, mpaka mlangoni. Mishipa yote yaonekana, hata kitundu alipotafuna mdudu. Akanigeukia kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto anywe dawa: "Baba watoto, hili jambo la bure kabisa. Jani bure, mchanga bure, na wewe Jumapili huna kazi."

Katika hayo matatu, hakuna hata moja la kweli. La Jumapili ndilo lililonichoma zaidi. Kulala ni kazi.

Tuanze na huo mchanga. Ukiishi Mombasa kila mtu akuona mjinga ukinunua mchanga. Bahari si hii hapa? Shemeji yangu alifika na magunia na tuktuk ya rafiki yake, injini inanguruma, twende ufuoni tukajaze. Nikamwambia shemeji, mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi haitulii ndani ya simiti. Yavuta unyevu, yatoa madoa meupe juu ya jiwe, na kama umetia waya ndani, ule waya unaliwa na kutu, unavimba, jiwe lapasuka kutoka tumboni. Akanitazama kwa huruma. "Nani kakudanganya?" Sikudanganywa na mtu. Tembea uzitazame zile kuta za kando ya bahari, nondo zinavyochungulia nje ya nguzo zikiomba msaada.

Basi mie, mzaliwa wa Pwani, nimenunua mchanga wa mto. Umetoka bara kwa lori, lori likapita huku bahari ikiliangalia, likaja kunishushia mlangoni. Na muuzaji hauzi kwa karai. Umemwambia wataka kidogo, yeye kidogo chake ni nusu ya barabara. Jirani naye kashindwa kutoa pikipiki yake, na tangu siku ile salamu zake zimekuwa fupi.

Simiti nayo mfuko ni kilo 50 hata kama wewe wataka kilo tano. Nilipoubeba huo mfuko, yaani nilipomlipa hamali akaubeba, nikawaza jambo. Simiti ya hapa kwetu yatokana na matumbawe ya zamani, chokaa ya bahari iliyogeuka mwamba. Pale Bamburi kiwanda kilianza kazi 1954, wakachimba mpaka pakabaki shimo jeupe lisiloota hata nyasi. Kisha mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho hicho, akaanza kupanda mivinje juu ya mwamba mtupu, na leo ni msitu, una viboko na kobe, watoto wa shule wapelekwa kutembea. Haya niambieni: mtu yule alichukua jiwe akalifanya jani, akasifiwa ulimwengu mzima. Mie nachukua jani nalifanya jiwe, na sina hata wa kunishikia karai.

Jani bure, alisema. Jani gani?

La mkungu ni dogo, jiwe lake lingemfaa paka. La mgomba lapasuka ukilitazama kwa jicho baya. La mpapai zuri, lakini lina vidole, na kidole cha zege mtu akikikanyaga kinakatika, halafu njia yako imejaa viganja vilivyokatwa. La mshelisheli vivyo hivyo, vidole. La boga lafaa, pana, lina mishipa mizuri, lakini jirani yangu mwenye maboga alipojua nayataka majani yake ya maboga si kwa kuyapika bali kuyapaka simiti, alilifunga geti. Kwa haki. Kuna watu hawana mboga usiku wa leo.

Lililobaki ni jani la magimbi. Hilo ndilo sultani wa majani. Pana kuliko sinia, umbo la moyo, mshipa wake wa katikati umesimama kama uti wa mgongo wa changu. Yanaota bondeni penye maji machafu, na hapo ndipo nilipoingia na suruali yangu ya kazini iliyokunjwa. Hakuna aliyenitahadharisha kuhusu utomvu. Utomvu wa magimbi unawasha, yakhe, unawasha mpaka unakumbuka madeni. Narudi nyumbani najikuna, mke wangu akanishika mkono kwa upole, akasema, "Jikune ndani. Watu wanatuona."

Kazi yenyewe tuliianza jioni, kwa sababu jua la Mombasa lanyonya maji ya zege kabla hujaosha mwiko, na zege lililokauka haraka lapasuka. Unalundika mchanga mbichi kitako kidogo, si kichuguu, maana hili ni jiwe la kukanyaga, si bakuli. Juu yake nailoni. Juu ya nailoni jani, limelala kifudifudi, mgongo wenye mishipa ukitazama mbinguni, ili zege likimwagwa lishike kila mshipa. Hapa ndipo baraza zima lilipohamia uani kwangu. Mmoja akasema jani lilale chali. Wa pili, ambaye hajawahi kujenga hata banda la kuku, akasema nitie nondo. Wa tatu akauliza kama kuna chai.

Nilikuwa nimemwita fundi. Fundi alifika, akaitazama ile picha ya simu, akaitazama tena, akavua kofia. "Mzee, mie nimejenga misikiti. Nimemwaga slebu za ghorofa. Leo niitwe nije kutengeneza mboga?" Akaondoka na pesa ya nauli niliyompa, kwa miguu. Kwao ni mtaa wa pili.

Kwa hiyo nikachanganya mwenyewe. Kopo moja la simiti, matatu ya mchanga, maji kidogo kidogo, mpaka ukiubinya mchanganyiko mkononi ushikamane na maji yasichuruzike. Uwe na glavu. Simiti mbichi huchoma ngozi taratibu, bila kelele, wewe waona ni udongo tu, kesho vidole vimechubuka. Unapaka safu ya kwanza kwa kubonyeza, usiache hewa kwenye mishipa, unalaza waya wa kuku, unapaka tena mpaka unene wa sentimita 5. Na pembeni usipunguze. Jiwe jembamba pembeni ni zuri kwenye picha, lakini binadamu hukanyaga pembeni, ndivyo Mungu alivyomuumba.

Unafunika nailoni, unaliacha mpaka lishike, kesho au kesho kutwa, halafu unaligeuza na kubandua jani. Hapo nakiri palikuwa na raha kidogo. Jani linatoka kwa mlio wa kuchanika, na chini yake mishipa yote ipo. Watoto walipiga kelele. Hata mie nilitaka kupiga kelele, ila nina heshima zangu. Vipande vya jani vilivyoganda, vikikauka unavitoa kwa brashi.

Nikadhani tumemaliza. Nikanawa mikono, nikaomba mahamri.

"Bado," akasema mama watoto, anasoma kwenye simu. "Lazima yanyweshwe."

Zege, mabwana, halikauki ndipo likawa gumu. Laiva kwa maji. Simiti na maji vinashikana polepole, na jiwe likikosa unyevu siku za mwanzo labaki na udhaifu wake maisha yote, lamenyeka juu, latoa vumbi. Siku 7 za kwanza ndizo za kulilea kabisa, na nguvu zake mafundi huzipima siku ya 28. Mfunike gunia, gunia lilowe, asubuhi na jioni.

Sasa tuseme kuhusu maji ya Mombasa.

Maji ya mji huu mengine yatoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo, zaidi ya kilomita 200, yanashuka kwa bomba nyikani kote, yapita chini ya ndovu na simba, na yakishafika mjini yakaribie mfereji wangu, yanabadili nia. Mfereji wangu hutoa hewa. Wakati mwingine hutoa sauti ya mtu anayetaka kusema jambo akaghairi. Kwa hiyo sisi maji ni ya mkokoteni, madumu ya lita 20, na muuza maji huijua shida yako kwa kuyatazama macho yako, akapandisha bei hapo hapo.

Nimefikia kumnunulia jiwe maji. Mie mwenyewe naoga kwa kopo, nahesabu: kichwa, kwapa, miguu, basi. Mchicha wetu umejikunja unaomba. Mbuzi wa jirani ametoa ulimi. Na mie natoka na dumu zima nawapita wote hao, naenda kuinama: "Haya, kunyweni, kunyweni." Muuza maji aliponiona siku ya kwanza akacheka. Siku iliyofuata akaacha kucheka, akaanza kuniletea madumu bila kuitwa. Mteja wa namna hii hupatikana mara moja maishani.

Na paka. Nisisahau paka. Jiwe zuri kuliko yote lina nyayo za paka zinazokatiza toka ncha hadi kikonyo. Mke wangu amesema zimependeza.

Yalipokomaa ikawa kuyapanga. Unachimba kidogo, unaweka mchanga chini, unalilaza jiwe lisawazike na ardhi mtu asijikwae. Nafasi ya kutoka katikati ya jiwe hadi katikati ya jiwe lingine, kwa mtu mzima wa kawaida, ni kama sentimita 60. Hiyo ndiyo hatua. Nikapima, nikapanga, nikatembea juu yake huku na huku, safi.

Mama mkwe akaja toka Likoni. Ameshuka feri, amepanda matatu, amechoka, amevaa buibui lake, akasimama getini akaitazama njia. Akatia mguu jiwe la kwanza. La pili halikufikika. Akasimama hapo juu ya jani moja, mkoba kwapani, akaniita: "Mkwe wangu, njia hii umeniwekea mimi, au umeniwekea nisije?"

Ikabidi ing'olewe yote. Ikapangwa upya kwa hatua ya mama mkwe, ambaye huja Idi na msibani. Mie ninayepita kila siku, mtu mrefu, sasa kutoka geti hadi mlango natembea kwa kudonoadonoa, na watoto wa mtaa wamejipanga ukutani wananipigia vigelegele.

Lakini hata hilo ningelivumilia. Lililonivunja nguvu ni amri mpya. Yamekuja masika, ua umekuwa tope, nikasema alhamdulillahi, sasa njia itafanya kazi yake. Narudi kutoka kazini, viatu vina matope, natia mguu juu ya jani.

"Weee! Utalichafua!"

Nikabaki na mguu hewani. "Mke wangu, hili ni jiwe la kukanyagia."

"Nimeliosha leo. Pita pembeni."

Sasa hivi kwangu wageni hupita pembeni. Kijana wa gesi hupita pembeni na mtungi wake begani. Shekhe alikuja kutusomea, akayaona mawe, akasema mashallah, akapita pembeni. Na huko pembeni, kwa kupitwa na kila mtu, pamejichora njia nyingine, ya tope, imenyooka kuliko yangu, haikunywa hata tone la maji ya kununua.

Juzi usiku geti likagongwa. Ni jirani, yule wa pikipiki, wa salamu fupi. Hakuingia. Alisimama na tochi ya simu anayamulika majani yangu moja moja, taya imekaza.

"Mke wangu ameyaona haya," akasema.

Nikamwambia pole.

"Usinipe pole. Nipe kipimo."

Nikampa. Simiti moja, mchanga tatu, wa mto, si wa bahari. Jani lilale kifudifudi. Nikampa na glavu zangu, moja imetoboka. Akauliza magimbi yako wapi, nikamwelekeza bondeni, na kuhusu utomvu nikanyamaza, maana pikipiki yake hunguruma saa kumi na moja alfajiri chini ya dirisha langu. Akageuka kuondoka.

"Jirani," nikamwita. "Mama mkwe wako mrefu au mfupi?"

"Mfupi. Kwa nini?"

"Na mama yako mzazi?"

"Mrefu." Akaishusha ile tochi. "Wote wawili wanakuja Idi. Kwa nini waniuliza, wewe bwana?"